Kasongo na Msitu Wake: Nani Mlezi wa Miti ya Mji?

Historia ya Kasongo ni historia ya msitu uliofyekwa ili mji upate kukaa, nayo haielezeki kwa haki bila kuitaja mikono iliyofyeka. Katika nusu ya pili ya karne ya 19, wafanyabiashara wa pembe za ndovu na watumwa waliotoka pwani, Tippu Tip akiwa mashuhuri kuliko wote, waliifanya Kasongo kuwa mji wao mkubwa katika Maniema, mashariki mwa Jamhuri ya Kidemokrasia ya Kongo ya leo, huku Kabambare, ambako David Livingstone alifika mwaka 1869 na kukwama kwa ugonjwa, ikiwa kituo cha misafara kati ya mto Lualaba na ziwa Tanganyika. Daktari Mwingereza Sidney Hinde, aliyekuwa katika jeshi la Dola Huru ya Kongo lililoongozwa na Francis Dhanis na kuiteka Kasongo mwezi Aprili 1893, aliandika kwamba mji ulijengwa kwenye pembe ya msitu, na kwamba kwa maili nyingi vichaka na sehemu kubwa ya miti vilikuwa vimeondolewa, pakalimwa mpunga, miwa, mahindi na matunda. Neema hiyo iliyomstaajabisha ilitoka katika jasho la watumwa. Baadaye mji ulihamishwa, na mahali pake pa kale, panapoitwa Tongoni, yaani mahameni, pakaachiwa mimea.

Mji ulihama, lakini haja yake ya miti haikupungua, kwa sababu jiko linahitaji kuni na makaa, nyumba inahitaji nguzo, na mteremko uliovuliwa miti hupoteza udongo kila masika, hata chemchemi chini yake ikajaa tope.

Je, sheria inamkabidhi nani miti hiyo? Kanuni ya Misitu ya Kongo, yaani sheria namba 011/2002 ya tarehe 29 Agosti 2002, inaitaja misitu ya mijini miongoni mwa misitu iliyotengwa, ambayo ni mali ya umma chini ya dola na matumizi yake yamebanwa sana. Misitu ya jamii, kwa upande mwingine, hutolewa katika kundi jingine, lile la misitu inayolindwa, ambamo wenyeji wenye haki ya kimila wanaweza, kwa amri namba 14/018 ya mwaka 2014, kukabidhiwa eneo lisilozidi hekta 50,000, bila malipo na bila kikomo cha muda. Kwa mgawanyo huo, mkazi wa mjini, aliye karibu zaidi na shoka, ndiye aliye mbali zaidi na hatimiliki, jambo ambalo ni kasoro kubwa.

Njia iliyo wazi ya kuikwepa kasoro hiyo ni kwa vijiji vinavyouzunguka mji, vya Wazimba na Wakusu upande wa Kasongo na vya Wabangubangu upande wa Kabambare, kuomba misitu yao, kisha kuisimamia kwa vyombo vinne vilivyowekwa na kanuni za mwaka 2016: mkutano wa jamii, kamati ya usimamizi, kamati ya ukaguzi na baraza la wazee. Wachoma makaa na wanawake wauzao kuni wapewe sauti katika mkutano huo tangu siku ya kupanga mipaka, kwani wao ndio wanaojua ni mti gani umeanza kuadimika na ni bonde lipi linalochipua tena haraka.