Kumbe Warusi nao walihesabu saa kama sisi!

Wadau, muulize mtoto wa Moscow muda ikiwa 1:30 mchana. Atajibu "polovina vtorogo", yaani nusu ya saa ya pili. Hapo ndo mtihani kwa mtoto anayejifunza: mshale umepita moja, mbona anataja ya pili? Ni hivi, saa ya kwanza imeshaisha, ya pili imefika nusu.

Sasa cheki historia. Zamani Moscow walianza kuhesabu saa jua likichomoza, mchana kivyake, usiku kivyake, kama sisi na saa moja asubuhi yetu. Ila kule kiangazi mchana ulifika saa 17, usiku 7 tu! Ndo maana saa ya mnara wa Spasskaya, Kremlin, iliyofungwa miaka ya 1620, iligawanywa mara 17. Tena mshale ulitulia, uso wa saa ndo ukazunguka.

Akaja Tsar Peter Mkuu, akaagiza saa ya Kiholanzi yenye namba 12. Mwaka 1706 ikaanza kugonga, hesabu ya zamani ikazikwa.

Yetu bado ipo, lakini wazazi wengine mjini wanafundisha watoto saa ya Kizungu pekee. Moscow waliipoteza yao kwa matakwa ya mfalme. Sisi tutaipotezea sebuleni?

Wewe mwanao umemfundisha ipi?