Tusi Hunaswa, Uchochezi Hupita

Mwaka 1996 wakazi wa mji wa Scunthorpe, Uingereza, walishindwa kufungua akaunti za huduma ya intaneti ya AOL kwa sababu ndani ya jina la mji wao mna herufi zinazofuatana na kuunda tusi la Kiingereza. Kompyuta ilikuwa imeagizwa kutafuta mfuatano wa herufi, ikaupata.

Kwa Kiswahili kasoro hiyo ni kubwa zaidi, kwa kuwa maneno yetu hujengwa kwa viambishi. Tusi moja la herufi nne, linalojulikana na kila mzungumzaji, ndilo mwanzo wa vitenzi visivyo na hatia kama “kumaliza” na “kumaanisha”. “Tako” limo ndani ya “atakokwenda”. Kitenzi “ua” kimejificha katika mvua, jua, nunua na chagua; tena kinaandikwa sawasawa na ua la bustanini na ua wa nyumba. Anayezuia herufi hizo kila zinapotokea atawanyamazisha hata wanaonunua nyanya. Akizuia neno linalosimama peke yake tu, “tutawaua” na “wauawe” yatapita bila kuguswa. Na hapo bado hajakutana na anayeandika tarakimu mahali pa herufi, wala kijana wa Pwani anayepindua silabi kwa kinyume.

Wengi huona dawa ni kurefusha orodha. Lakini maneno yanayomwaga damu mara nyingi ni safi kabisa. Aprili 2022, miezi michache kabla ya uchaguzi mkuu wa Kenya, Tume ya Uwiano na Utangamano wa Kitaifa ilitangaza maneno iliyoyaona kuwa ya uchochezi, yakiwemo “madoadoa”, “kwekwe” na “mende”. Mkulima wa Nakuru anayeuliza dawa ya kwekwe shambani hana kosa lolote. Hata hivyo, katika Bonde la Ufa, lililoumia vibaya katika ghasia za baada ya uchaguzi wa 2007 zilizoua watu zaidi ya 1,100 nchini, kung’oa kwekwe kunaweza kumaanisha kuwafukuza majirani. Rwanda nako, mwaka 1994, redio ya RTLM iliwaita Watutsi inyenzi, yaani mende. Tume ilifanya vyema kuwatahadharisha wananchi. Hatari huanza orodha ya namna hiyo inapokabidhiwa mashine iamue peke yake.

Julai 2022 mashirika ya Global Witness na Foxglove yaliijaribu Facebook kwa kuipelekea matangazo ya uchochezi kuhusu Kenya, kisha yakayaondoa kabla hayajaonekana kwa umma. Ya Kiswahili yalikubaliwa. Ya Kiingereza yalikataliwa kwanza, kwa kasoro za sarufi na lugha chafu. Yaliporekebishwa kidogo, yakakubaliwa pia. Matusi yalinaswa, wito wa kuua watu ukapita. Hilo linapaswa kumtia uchungu kila anayeithamini lugha hii.

Kinachohitajika ni programu inayoweza kuchambua tu-ta-wa-ua hadi kwenye mzizi, kisha ujumbe wenye shaka upelekwe kwa msomaji anayejua Eldoret si Lamu na lugha ya kampeni si ya shambani. Wasomaji hao walipwe vizuri na walindwe kiafya, maana wanashinda wakitazama ukatili. Kenya inatarajiwa kupiga kura tena Agosti 2027. Kampuni zinazopokea fedha za matangazo huko zinapaswa kutaja mapema zina wasomaji wangapi wa Kiswahili.