Kwaya ya kanisa (Tanzania)

Kwaya ya kanisa nchini Tanzania ni kikundi cha waumini wanaojitolea kuongoza uimbaji katika ibada, ambacho kwa kawaida pia ni chama cha kusaidiana. Uimbaji wa sauti nne (soprano, alto, tena na besi) uliletwa na wamisionari wa Ulaya katika karne ya 19. Kwa Wakatoliki, Mtaguso wa Pili wa Vatikano (1962–1965) ulifungua njia kwa Kiswahili, ngoma na kayamba katika Misa.

Kwaya huwa na mwenyekiti, katibu, mhazini na mwalimu. Wanakwaya huchangia harusi, huwatembelea wagonjwa na huimba kwenye misiba ya wenzao. Mazoezi hufanyika jioni kadhaa kwa wiki. Wasiosoma nota za solfa hujifunza kwa kusikiliza walioketi jirani, kila sauti ikifundishwa peke yake kabla ya kuunganishwa. Mazoea haya huwawezesha waimbaji kupumua na kuitikia pamoja, na huingiza katika nyimbo mpya midundo na mtindo wa kiongozi na waitikiaji uliozoeleka katika ngoma za jadi.

Uimbaji wa pamoja hauishii kwenye kwaya: mwaka 1976 maaskofu Wakatoliki wa Afrika Mashariki, kupitia shirikisho lao la AMECEA, walizipa kipaumbele jumuiya ndogo ndogo za Kikristo, ambamo familia jirani husali na kuimba pamoja majumbani. Mtaalamu wa muziki Gregory Barz alichunguza kwaya za Tanzania kama jamii kamili katika kitabu *Performing Religion* (2003).