Kutoka Tufe Moja hadi Kundi: Njia ya Lorenz na Mie

Anayesoma leo kuhusu mwanga na makundi ya chembe za silikoni hukutana na jina moja karibu kila mahali: Mie. Ukilifuata jina hilo kurudi nyuma, unafika Greifswald, mji wa chuo kikuu kaskazini mwa Ujerumani, mwaka 1908. Lakini njia haiishii hapo. Inavuka Bahari ya Baltiki hadi Copenhagen, na inatangulia kwa miaka 18.

Huko, mwaka 1890, mwanafizikia Ludvig Lorenz alichapisha hesabu kamili ya mwanga unaogonga tufe linalouruhusu kupenya. Aliandika kwa Kidenmaki, akafariki mwaka uliofuata. Wengi husema lugha ndiyo iliyomzika. Mimi nakubali nusu tu, maana maandishi yake yalitolewa kwa Kifaransa kabla Mie hajashika kalamu. Kilichomponza zaidi, naona, ni kwamba hakupitia milinganyo ya Maxwell ya umeme na sumaku, wakati wanafizikia wengi walikuwa wanahamia huko.

Gustav Mie aliipitia. Swali lake lilikuwa la rangi: kwa nini maji yenye vumbi laini la dhahabu huwa mekundu? Michael Faraday alikuwa ameyatengeneza maji hayo London na kuandika juu yake mwaka 1857, na chupa zake zimehifadhiwa hadi leo. Mie alionyesha kwamba tufe lina mitetemo yake lenyewe. Mwanga ni wimbi la sumakuumeme; likija kwa mdundo unaolingana na mmojawapo, tufe huitikia kwa nguvu, kama pembea inayosukumwa kwa wakati wake. Hiyo ndiyo rezonansi.

Dhahabu hupitisha umeme na humeza sehemu kubwa ya mwanga. Chembe isiyo ya metali ina tabia nyingine, nayo kwangu ndiyo yenye utamu. Ndani yake wimbi hupungua kasi na kujikunja. Urefu wa wimbi humo ndani ukikaribiana na kipenyo cha tufe, uga wa umeme huzunguka duara, na tufe hugeuka sumaku ndogo ingawa halina sumaku yoyote. Silikoni hupunguza kasi ya mwanga takriban mara nne. Kwa hiyo mwanga wa nanomita 600 huhitaji tufe la nanomita 150 hivi.

Hesabu ya Mie ilichukulia kwamba chembe zimetawanyika, kila moja ikimulikwa peke yake. Zikisogezwa karibu, kila chembe humulikwa na taa na pia na majirani, nao majirani humulikwa nayo. Rezonansi moja hugawanyika, huhama, hupanuka au hukonda. Mwanafizikia aitwaye Trinks alijaribu matufe mawili madogo mwaka 1935. Kwenda mbali zaidi kwa kalamu na karatasi kulikuwa mateso. Hata tufe moja kubwa lilichosha, ndiyo maana kazi ya Mie ilitajwa kwa nadra kwa miongo mingi. Kompyuta ndizo zilizoifufua. Mwaka 1973 wanasayansi Purcell na Pennypacker, wakiwaza juu ya vumbi lililo kati ya nyota, waliichukua punje moja kama mkusanyiko wa nukta nyingi zinazoathiriana.

Kuhusu tufe moja tena, Milton Kerker na wenzake walionyesha mwaka 1983 kwamba tufe ambalo mwitikio wake wa umeme na wa sumaku unalingana halirudishi mwanga nyuma. Hesabu hiyo ilionekana kama mchezo wa karatasini, hadi 2012, watafiti wa Singapore na wa Hannover walipotangaza kuiona rezonansi ya sumaku katika chembe za silikoni, kwenye mwanga unaoonekana kwa macho. Sasa chembe hizo hupangwa safu kwa safu kutengeneza lenzi nyembamba kupita unywele.

Vitabu vingi bado huandika Mie peke yake. Wewe utakayeandika habari hii kwa Kiswahili, andika Lorenz na Mie, kwa mpangilio huo.