Maziwe: Tusiionee Dhoruba

Ukitoka Pangani kwa mashua, mwendo wa kilomita 8 hivi, utakuta fungu la mchanga mweupe maji yakitoka. Maji yakijaa, hulioni. Hilo ndilo Maziwe. Wazee wetu walikijua kikiwa kisiwa hasa, chenye msitu wa mivinje na kivuli cha kupumzikia wavuvi.

Husemwa kwamba dhoruba ndiyo iliyokimeza. Naona tunaionea. Vimbunga huku kwetu ni vya nadra: kile cha Lindi cha Aprili 1952, au Hidaya kilichofika Mafia Mei 2024. Kazi ya kila mwaka hufanywa na kusi linapokutana na bamvua. Mawimbi hula ufuo upande mmoja na kuusukuma mchanga kaskazini. Kaskazi likiingia, sehemu yake hurudi. Kisiwa cha mchanga huishi kwa kupungua na kujazwa namna hiyo.

Kilichobadilika ni miti. Mizizi ya mvinje hushika mchanga, na matawi yake huuvunja upepo nguvu, mchanga unaopeperuka ukatua na kurundikana juu ya usawa wa bamvua. Mivinje ilipokatwa, kusi liliendelea kuchukua kama kawaida, ila hapakuwa tena na cha kuzuia kilichorudi. Kufikia mwanzoni mwa miaka ya 1980, Maziwe ilikuwa ikifunikwa na maji.

Hasara kubwa iliwapata kasa. Katika miaka ya 1970 watafiti waliihesabu Maziwe miongoni mwa mahali muhimu kabisa pa kutagia kasa Afrika Mashariki. Yai la kasa hukaa mchangani karibu miezi miwili. Bamvua huja kila baada ya wiki mbili hivi. Kiota kinachozama kwenye bamvua ya kwanza hakina matumaini. Ndiyo maana siku hizi mayai yanayotagwa pale huhamishiwa Ushongo, bara.

Huko Madete, ndani ya Hifadhi ya Taifa ya Saadani, kasa bado hutaga. Kusi huutafuna ufuo ule pia, lakini nyuma yake pana vichaka na ardhi tupu, kwa hiyo ufuo una pa kurudi nyuma. Maziwe haikuwa na nyuma. Nasi tunapofyeka mivinje na kujenga kuta hadi ukingo wa bamvua, tunaunyima ufuo wa bara nafasi hiyohiyo, kisha tunangoja kulilaumu kusi.