Je, vimelea vya malaria vinaweza kuzoea dawa?

Mama, iwe unaishi Morogoro mjini au unalima mabondeni chini ya milima ya Uluguru, dawa mseto bado inatibu malaria. Lakini mkoani Kagera watafiti wamekuta vimelea ambavyo protini yao moja, Kelch 13, imebadilika, na dawa huchelewa kuvimaliza. Leo kompyuta hubashiri umbo la protini kutokana na jeni, hivyo watafiti huona badiliko limetokea wapi. Kazi hiyo huanza na tone la damu.

Unachoweza kufanya:
- Mtoto akipata homa, mpeleke kituoni apimwe siku hiyohiyo.
- Akipewa ALu, mpe mara zote 6 kwa siku 3, hata akichangamka.
- Akitapika dawa, akipata degedege au homa ikiendelea, mrudishe kituoni haraka.