BEGI LA KURUDIA NYUMBANI (Sehemu ya 3)

Mama zangu, na nyie kina baba mnaosoma kimyakimya, nawaona. Watoto wameshalala? Haya, tuendelee.

Juzi tuliishia kwenye swali la mtoto mmoja aliyemsindikiza mama yake kliniki: "Sista, mtu akiachia chombo huko angani anadondokea wapi?" Jibu: hadondoki. Anaelea, anaizunguka dunia kwa mwendo uleule wa chombo chake, karibu kilomita 28,000 kwa saa. Kazi ipo kwenye kurudi. Hakuna cha kukanyaga wala cha kusukuma. Atarusha mikono na miguu mpaka achoke, hasogei hata hatua moja.

Ndipo Wamarekani wakabuni begi la mgongoni linalopuliza gesi. Mpulizie mwanao puto, aliachie bila kulifunga: hewa inatoka huku, puto linakimbilia kule. Ni hivyohivyo.

Eugene Cernan alipangiwa kulijaribu Juni 1966, safari ya Gemini 9A. Hapa unesi wangu unaingilia. Begi lilifungwa nyuma ya chombo, ikabidi alifuate huko, na hakukuwa na pa kushika vizuri wala pa kukita miguu. Akizungusha kitu, anazunguka yeye. Mapigo ya moyo yakapita 150 kwa dakika, joto likaushinda mfumo wa kupoza suti, kioo cha kofia kikajaa ukungu. Akawa anakifuta kwa pua, maana mkono haufiki ndani! Wakasitisha. Begi halikuruka.

Tarehe 7 Februari 1984, Bruce McCandless akatoka kwenye Challenger na begi jipya, MMU. Kubwa kama kiti cha sebuleni, karibu kilo 150 likipimwa duniani, lina vitundu 24 vya kutolea naitrojeni. Akaenda karibu mita 100 bila kamba yoyote. Alichaguliwa kuwa mwanaanga mwaka 1966, na hiyo ndiyo safari yake ya kwanza. Subira gani hiyo jamani! Baadaye alisimulia kwamba meno yaligongana kwa baridi. Suti ilitengenezwa kumpoza mtu anayefanya kazi nzito, yeye alikuwa anaelea tu. Mwenzake alipikika, huyu akaganda.

Novemba mwaka huohuo Joe Allen na Dale Gardner walilitumia kukamata satelaiti mbili zilizopotea njia. Kisha Januari 1986 Challenger ikalipuka na watu wote saba. Usalama ukapimwa upya, na mkono wa mashine wa chombo ulionekana unaweza kazi nyingi za begi. MMU haikuruka tena.

Mwaka 1994 likaja dogo, SAFER. Gesi yake ni kama kilo moja na nusu tu. Siku hizi kwenye kituo cha anga mwanaanga anayetoka nje anafungwa kamba muda wote, na SAFER anaivaa juu ya hapo. Kwa nini? Vile vyombo vya zamani kama Challenger viliweza kugeuka vikamfuata aliyepotea. Kituo hakiwezi kumkimbilia mtu. Kamba ikikatika, arudi mwenyewe.

Yule mtoto anarudi Jumanne, mdogo wake ana chanjo. Nimeshamnunulia puto.